Kwa kijana wa Kikatiti anayetaka kuishi kwa mabao

Ukitaka kumjua straika wa kijiji chochote kando ya barabara ya Arusha–Moshi, huna haja ya kumuuliza kocha. Sikiliza tu jina linaloitwa na madereva wa bodaboda waliopaki nyuma ya goli kila mpira unapovuka nusu ya uwanja. Maji ya Chai wana wao, King'ori wana wao, na Kikatiti naye yupo. Jumapili anafunga mawili kwenye mashindano ya mbuzi, Jumatatu hanunui chai. Wanaompenda wanamwambia maneno yaleyale: "Dogo, unapoteza muda hapa. Nenda Dar."

Makala hii ni ya huyo dogo, na ya baba na mama yake, ambao mara nyingi huwa wa mwisho kuambiwa. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja, na mengine yote yanauzunguka: straika hukua kwa kucheza na hufifia kwa kukaa benchi. Kwa hiyo kila ukifika njia panda, chagua mahali ambako wiki ijayo utakuwa uwanjani, na uwe na karatasi zitakazokuruhusu kuondoka hapo pakishakuwa padogo.

Soko lenyewe likoje

Chukua misimu 12 ya Ligi Kuu, kuanzia 2013/14 hadi 2024/25, uone ufungaji bora umekwenda kwa nani. Amissi Tambwe wa Burundi aliuchukua mara mbili, kwanza akiwa Simba, kisha Yanga. Emmanuel Okwi wa Uganda mara moja. Meddie Kagere wa Rwanda mara mbili mfululizo, kwa mabao 23 na 22. Wakaja Fiston Mayele wa Kongo na Saidi Ntibazonkiza wa Burundi, waliolingana kwa mabao 17. Stephane Aziz Ki wa Burkina Faso, mabao 21. Na Jean Charles Ahoua wa Ivory Coast, mabao 16. Watanzania je? Simon Msuva msimu wa 2014/15, Msuva tena 2016/17 akilingana na Abdulrahman Mussa wa Ruvu Shooting, John Bocco 2020/21, na George Mpole 2021/22. Misimu minne kati ya 12.

Maana yake iko wazi. Klabu yenye hela inaweza kumvumilia beki chipukizi wa nyumbani, inaweza kumlea kiungo, lakini mabao inayataka leo. Jezi ya mshambuliaji wa kati ndiyo inayoagizwa nje kwa haraka kuliko zote. Usijidanganye kwamba unashindana na kijana wa King'ori. Unashindana na mtu mzima wa miaka 27 aliyekwisha kufunga kwenye ligi mbili au tatu kabla hajateremka kwenye ndege.

Usikate tamaa, soma tena orodha hiyo, safari hii mtazame Mpole. Hakufunga mabao 17 akiwa Simba wala Yanga. Aliyafunga akiwa Geita Gold, timu iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda Ligi Kuu, na akampita Mayele wa Yanga kwa bao moja. Baada ya hapo akasajiliwa na Lupopo ya Lubumbashi. Angekuwa mshambuliaji wa nne kwenye klabu hizo mbili za Kariakoo, msimu ule angeutumia kupasha misuli moto pembeni ya uwanja.

Clement Mzize naye anafundisha jambo lingine. Alipandishwa kutoka timu ya vijana ya Yanga mwaka 2022, akakuta mbele yake kuna foleni ya wageni. Akakubali kucheza pembeni, akakubali kuingia dakika za mwisho, akajifunza kukimbia bila mpira. Agosti 2025, kwenye CHAN iliyochezwa hapa nyumbani, mabao yote mawili ya Stars yaliyoizamisha Madagascar yalikuwa yake. Straika anayejua kucheza nafasi moja tu ana mlango mmoja tu wa kuingilia kikosini.

Soma vizuri safari ya Samatta

Kila kijana anamtaja Mbwana Samatta, ila wengi wanaanzia mwisho wa hadithi, pale Aston Villa. Anzia mwanzo. Kutoka Mbagala alikwenda African Lyon, timu isiyo na presha kubwa. Mwaka 2010 akaenda Simba. Mwaka 2011 Simba ikakutana na TP Mazembe kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, Wakongo wakamwona, wakamchukua akiwa na miaka 18. Sasa angalia alikaa Lubumbashi kwa muda gani: hadi Januari 2016. Ni karibu miaka mitano, katika ujana ambao wenzake wengi wangekuwa wanapiga simu kila wiki kumuuliza wakala kuhusu Ulaya. Mwaka 2015 akatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika, akafunga katika mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger, na Januari 2016 akapokea mjini Abuja tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara.

Ndipo akaenda Genk ya Ubelgiji akiwa na miaka 23. Hakuangukia klabu kubwa ya Uingereza. Alikwenda kwenye klabu ya wastani inayojulikana kwa kulea wachezaji na kuwauza. Msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 ya ligi, Genk ikawa bingwa. Januari 2020 Villa wakaja, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga katika Ligi Kuu ya Uingereza.

Hapo Villa ndipo penye somo ambalo watu hawapendi kulisikia. Alicheza nusu msimu tu, mechi 14 za ligi na bao moja, kisha Septemba akapelekwa Fenerbahçe kwa mkopo. Baadaye akapita Antwerp, akarudi Genk, akaenda PAOK ya Ugiriki na kutwaa ubingwa wa 2023/24, kisha Le Havre ya Ufaransa. Hakuganda kwenye jina kubwa. Palipokosekana mechi aliondoka, palipopatikana mechi alikwenda, na kwa sababu hiyo bado alikuwa anaishi kwa mpira alipovuka miaka 30.

Kazi ya ndani ya kumi na nane

Mabao matatu ya Samatta yaliyotangazwa sana yalifungwa kwenye ardhi ya Uingereza. La kwanza Anfield, Novemba 2019, Genk dhidi ya Liverpool: kona, akaruka juu ya beki, kichwa. La pili dhidi ya Bournemouth, Februari 2020: mpira ukadunda juu golini, kichwa. La tatu Wembley, Machi 2020, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City: krosi kutoka pembeni, akajitupa, kichwa. Hakuna hata moja alilolifunga kwa mguu, na hakuna alilomlamba chenga mtu.

Sasa nenda kwenye uwanja wowote wa chandimu jioni, uwatazame vijana wanachofanya. Mpira ukimfika straika, anataka kuwapita wanne. Akifanikiwa watu wanashangilia, akishindwa wanashangilia vilevile. Mazoezi ya kichwa hakuna. Mazoezi ya mguu wa kushoto hakuna. Kiangazi vumbi linapanda hadi magotini, masika uwanja unakuwa matope, na mpira unadunda unavyotaka, kwa hiyo pasi ya kwanza inampita na yeye anaulaumu uwanja.

Fanya hivi. Mazoezi ya timu yakiisha, wabakize beki, kipa na rafiki mmoja mwenye mpira. Rafiki akurushie krosi kwa mkono kutoka upande wa kulia, kisha wa kushoto, nawe umalize kwa mguso mmoja tu: kichwa, kushoto, kulia. Usitulize. Beki wa Ligi Kuu hatakupa nafasi ya kutuliza. Kisha fanya mbio fupi: simama mgongoni mwa beki asikuone, toka ghafla mbele yake kuelekea mlingoti wa karibu. Kipa mwambie akupige chenga za maneno, akuzomee, akuudhi, maana utafunga ukiwa umechoka na ukiwa na hasira. Nusu saa ya kazi hii mara nne kwa wiki ni bora kuliko mechi tatu za kuonesha mbwembwe.

Nunua pia daftari. Andika tarehe ya kila mechi, mpinzani, dakika ulizocheza, bao ulilofunga na namna ulivyolifunga, na nafasi ulizokosa. Mtu mwenye simu nzuri akurekodi mechi nzima. Kocha makini akipewa video ya mabao tu anajua amepewa matangazo. Anataka kuona unafanya nini dakika ya 60 mpira ukiwa mbali na wewe.

Ngazi ipo hapahapa

Kabla ya kupanda basi la Dar, panda ngazi iliyo mlangoni. Kama bado uko shule, UMISSETA ndiyo dirisha lako la kwanza, na kwa mdogo wako wa shule ya msingi ni UMITASHUMTA. Kijana anayeacha shule kidato cha pili ili "akazane na mpira" anajifungia dirisha lenyewe ambalo kupitia hilo angeonekana.

Nje ya shule kuna ligi ya wilaya, kisha ligi ya mkoa, kisha Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, kisha First League, kisha Championship yenye timu 16, ndipo Ligi Kuu yenye timu 16. Mashindano ya mbuzi na ng'ombe yana raha yake na yanajenga ujasiri, lakini hayaandikwi popote. Bao ulilofunga kwenye ligi ya wilaya linabaki kwenye karatasi ya mwamuzi. La ndondo linabaki kijiweni. Cheza ndondo kama hakuna mechi ya ligi, na usicheze ukiwa na maumivu kwa ajili ya mbuzi ambaye utapata mguu wake mmoja.

Mkoa wa Arusha haujawa na bahati ya kudumu Ligi Kuu. JKT Oljoro ilipanda ikacheza kuanzia 2011/12 hadi 2013/14, ikashuka. Hata hivyo, misimu ya karibuni Mbuni na TMA Stars zimekuwa Championship, na kule Moshi kuna Polisi Tanzania. Hizo ni timu ambazo kijana wa Kikatiti anaweza kuzifikia kwa Noah, akafanya majaribio asubuhi na jioni akala loshoro nyumbani. Timu za majeshi zina faida nyingine: mpira ukiisha, wapo walioendelea na ajira.

Uwanja mpya wa watu 30,000 unaojengwa Olmoti kwa ajili ya AFCON ya 2027 umewapa vijana matumaini makubwa, na ni haki yao. Lakini uwanja haumzalishi straika. Anazalishwa na mechi 30 kwa mwaka, mwaka hadi mwaka.

Ukifika miaka 17 hadi 19 na una namba kwenye ligi ya mkoa, hapo fikiria timu za vijana za klabu za Ligi Kuu, maana wanacheza ligi yao ya chini ya miaka 20. Nenda kwa majaribio yaliyotangazwa na klabu yenyewe, ukiwa na nauli ya kurudi mfukoni na ndugu wa kufikia anayejua unakuja.

Karatasi

Hapa mzazi ndiye nahodha. Cheti cha kuzaliwa cha RITA ndicho mzizi wa kila kitu: usajili wa timu za vijana, kitambulisho cha NIDA ukifika miaka 18, na pasipoti, ambayo ada yake ni shilingi 150,000. Jina liandikwe sawasawa kwenye cheti cha kuzaliwa, cha shule na cha kidato cha nne. Herufi moja iliyokosewa huwa ndogo hadi siku klabu ya nje inapoomba hati ya uhamisho wa kimataifa.

Umri usidanganywe. Kuna makocha wanaoshauri kijana wa miaka 19 aandikwe 16, "ili apate muda". Serengeti Boys walifuzu fainali za Afrika za vijana zilizochezwa Gambia mwaka 2005, wakanyang'anywa nafasi hiyo kwa sababu ya umri wa mchezaji. Timu nzima ililipia. Siku hizi vijana wa chini ya miaka 17 hupigwa picha ya kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI, na mfupa hausomi cheti.

Jambo lingine la umri: FIFA hairuhusu, isipokuwa kwa sababu chache maalumu, mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine. Kelvin John, aliyevuma akiwa na Serengeti Boys mwaka 2019, alisubiri. Alikwenda kusoma Uingereza katika chuo chenye soka, na Genk wakamsajili Juni 2021, mwezi aliotimiza miaka 18. Baadaye akaenda Aalborg ya Denmark. Kwa hiyo mtu akikuambia mwanao wa miaka 15 amepata timu Ulaya na anatakiwa kuondoka mwezi ujao, unajua unaongea na mtu wa aina gani.

Viongozi wa timu za vijiji nao wasikie hili, kwa sababu ni fedha zao. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine akiwa ndani ya mkataba, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa klabu zilizomlea tangu akiwa na miaka 12 hadi 23. Kila mwaka wa malezi kati ya 12 na 15 ni robo asilimia ya ada; kuanzia 16 ni nusu asilimia. Mchezaji akiuzwa dola 1,000,000, klabu iliyokuwa naye kwa miaka miwili, 16 na 17, inastahili dola 10,000. Hizo zinatosha kusawazisha uwanja na kununua magoli ya chuma yenye nyavu. Ila zinalipwa kwa klabu iliyosajiliwa, na kwa mchezaji ambaye usajili wake umeandikwa. Timu isiyo na karatasi hubaki na picha ya ukumbusho.

Wakala, meneja na "mjomba"

Straika akianza kuandikwa magazetini, huota wajomba. Mmoja anamnunulia njumu mpya, mwingine anamlipia chumba, wa tatu anakuja na karatasi ya kusaini kwenye gari. Sheria ya kujikinga ni nyepesi. Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA, na jina lake linaweza kuangaliwa kwenye orodha ya FIFA. Mkataba wa uwakilishi hauzidi miaka miwili. Wakala hulipwa kwa asilimia ya kazi aliyoikamilisha. Hakuombi wewe hela ya viza, ya "fomu", wala ya kumlainisha kocha.

Majaribio ya nje nayo yana dalili zake. Klabu halisi hutuma barua ya mwaliko yenye anwani na jina la mtu wa kujibu, na haioni taabu ukisema shirikisho la soka, TFF, litaithibitisha. Aliyeleta mwaliko akikukataza kuuliza TFF, mwache aende na barua yake. Familia za Meru zimeuza ng'ombe na hata vipande vya shamba kwa ajili ya safari ambazo hazikupita kituo cha mabasi. Shamba la kahawa au la migomba haliuzwi kwa ajili ya majaribio, nasema hivyo bila kumung'unya maneno.

Mkataba usomwe na mtu mwingine

Vijana wengi husoma sehemu moja tu ya mkataba: pesa ya usajili. Soma na haya: ni wa miaka mingapi, mshahara unalipwa tarehe ngapi, nyumba na matibabu ni juu ya nani, bonasi za mabao zinahesabiwaje, na ukitaka kuondoka unaondokaje. Kwa kanuni za FIFA, wa chini ya miaka 18 hafungwi na mkataba wa zaidi ya miaka mitatu, na wa mtu mzima hauzidi mitano. Ukibakiza miezi sita, unaruhusiwa kuzungumza na kusaini na klabu nyingine ya baadaye. Kaa na nakala yako. Klabu ikikuambia nakala itakuja baadaye, nawe saini baadaye.

Msuva alikuwa na nakala zake. Kutoka Yanga alikwenda Difaa El Jadida ya Morocco mwaka 2017, kisha Wydad Casablanca. Malipo yalipokwama, hakuanza kulia mitandaoni. Aliuvunja mkataba kwa sababu ya madai yake, akaenda FIFA, na FIFA ikampa haki. Kanuni yenyewe iko hivi: klabu ikikosa kukulipa mishahara ya miezi miwili, unaiandikia barua na kuipa angalau siku 15, isipolipa, una sababu halali ya kuondoka. Neno la msingi hapo ni barua. Anayetoroka kambini bila barua ndiye anayegeuka mkosaji, hata kama anadai.

Feisal Salum ni kiungo, lakini kisa chake kinamhusu kila mchezaji. Desemba 2022 aliamua kujitoa Yanga kwa kurudisha fedha kwenye akaunti ya klabu. Kamati ya TFF inayoshughulikia hadhi za wachezaji ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Miezi ikapita bila yeye kucheza mpaka klabu mbili zilipokubaliana na akaenda Azam katikati ya 2023. Msimu uliofuata alifunga mabao 19 ya ligi. Hesabu mwenyewe ule muda wa nje ya uwanja ulimgharimu nini, ingawa alirudi kwa kishindo. Wewe usiye na jina lake unaweza usirudi. Tafuta mwanasheria mapema, au chama cha wachezaji, SPUTANZA, kabla mambo hayajafika kwenye vyombo vya habari.

Goti, tumbo na usingizi

Straika hupigwa kuliko wote uwanjani. Ukiumia goti likavimba siku hiyohiyo, usikandwe kwa nguvu wala kunyooshwa na mtu wa kijijini, hata kama amewanyoosha wengi. Weka barafu au kitambaa cha maji baridi, pumzisha mguu, nenda hospitali. KCMC iko Moshi, barabara hiyohiyo inayopita Kikatiti, na ina madaktari wa mifupa. Kano ya goti iliyokatika ikichezewa inaharibu goti zima, na hapo kazi imekwisha ukiwa na miaka 21.

Chakula hakikupi taabu huku kwetu. Ndizi, maharage, maziwa, mayai, parachichi na mboga zinatosha kumjenga mwanamichezo. Unachohitaji ni kula vya kutosha na kwa wakati, pamoja na maji. Kinachowamaliza vijana ni pombe ya kupongezwa. Ukifunga, kila mtu anataka kukununulia. Jifunze kusema asante na kuaga.

Hela ya straika

Straika akianza kulipwa vizuri akiwa na miaka 20, ana miaka kama 12 hivi ya kulipwa, akijaliwa goti. Bocco amecheza Azam, Simba na JKT Tanzania hadi kuvuka miaka 30, lakini wa namna hiyo ni wachache. Bao moja hukumbukwa vizazi: mpaka leo wazee wanalisimulia lile la Peter Tino kule Ndola mwaka 1979, lililotupeleka AFCON ya 1980. Sifa hiyo ni ya taifa zima. Kodi ya nyumba ni ya mchezaji peke yake.

Pesa ya usajili ya kwanza igawe kabla haijaingia. Fungu la kwanza liwe la kiwanja au shamba lenye hati kwa jina lako, la pili akiba ya miezi sita ya kukaa bila timu, la tatu wazazi, na linalobaki ndilo la kujifurahisha. Gari lisubiri mkataba wa pili. Uliza kama klabu inakuchangia NSSF, maana wewe ni mwajiriwa kama karani. Kubeti usiguse kabisa: kwa mchezaji ni kosa la kinidhamu na ndiyo njia ya mkato ya kuingizwa kwenye upangaji wa matokeo.

Msimu ukisimama, usirudi kijiweni. Soma. Kuna VETA, kuna vyuo vya Tengeru vya kilimo, mifugo na maendeleo ya jamii, kuna kozi za ukocha za TFF zinazoanzia leseni D. Kifaransa na Kiingereza jifunze mapema pia. Lubumbashi, Casablanca na Le Havre hakuna kocha atakayekupangia mbinu kwa Kiswahili. Siku ya kutundika daluga inakuja kwa kila mtu, na aliyejiandaa huiona kama uhamisho mwingine.

Na binti je?

Yote niliyosema yanamhusu binti wa Kikatiti anayewafunga kaka zake. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess akaenda Häcken ya Sweden mwaka 2022, na mwaka 2024 akasajiliwa na Brighton ya Uingereza. Ligi Kuu ya Wanawake ipo, Simba Queens, Yanga Princess na JKT Queens wanatafuta wafungaji kila msimu, na foleni yao ni fupi kuliko ya wavulana. Mzazi anayemficha binti njumu anaficha ajira.

Neno la mwisho

Baba, mama: wiki hii toeni sandukuni cheti cha kuzaliwa cha mtoto, mlinganishe jina na tarehe na karatasi za shule. Kama hakipo, nendeni mkakiombe sasa. Kocha wa kijiji: sajili timu yako, sajili na wachezaji wako. Na wewe straika, usiulize tena ni timu gani kubwa inakutaka. Uliza ni timu gani itakupa dakika 90 Jumamosi, nenda huko, ufunge, kisha uulize swali hilohilo tena.